Tarehe Moja Januari

Ujumbe wa chama ulisema: njoo uizike.
Nikapanda Uru kwa pikipiki, mvua ya Aprili mgongoni,
begi nimelivika mfuko wa mbolea,
ndani bisibisi, flashi mbili,
na hukumu niliyokwisha kuiandika Moshi mjini:
mfumo umepitwa na wakati, nunueni mwingine.

Karani Aikande alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma.
Akakifunua, akakikunja mara nne.
Kioo chenye kisogo,
boksi lililowahi kuwa jeupe, sasa rangi ya chai ya maziwa,
na feni inayokohoa kabla ya kusema.

Ikawaka. Ikakiri kwa herufi nyeupe
kwamba haijui leo ni lini.
Akabonyeza F1 bila kutazama.
Kikatokea kile kilima cha kijani cha watu wote,
kizuri, hakina hata mgomba mmoja,
na kwenye kona ya chini
tarehe moja Januari, elfu mbili na mbili.

"Kila asubuhi inaamkia hapo hapo," akasema.
"Mimi ndiye ninayeiambia."
Akaandika siku, mwezi, mwaka, akitamka kila namba,
kama unavyomwambia mgonjwa wa homa
kwamba hapa ni nyumbani.

Nikamweleza: mama, waliouunda mfumo huu
waliuandikia cheti cha kifo elfu mbili na kumi na nne.
Hakuna kiraka tena, hakuna dawa.
"Waliuona ukifa?"
Hapana. Walitangaza.
"Basi tangazo halijafika. Hapa hatuna intaneti.
Na ikiamka, bado miaka kumi na miwili."

Dirishani amesimama Anaeli Mlay na gunia.
Kilo thelathini na saba na nusu, kahawa ya maganda.
Printa ya sindano ikalia, ikanyamaza, ikalia,
ikatema stakabadhi nakala tatu, ya waridi ibaki ofisini.
Nilipoichomeka kwenye laptopu yangu,
ya mwaka huu, ya mkopo,
laptopu ikasema: kifaa hakitambuliki.
Anaeli akacheka. Mimi nikafunga laptopu.

Nina simu ya miaka mitatu, benki imeshaikataa.
Nina sweta la mama, la tangu yuko sekondari,
na baridi ya hapa hailiulizi toleo.
Sijui mfumo huzeeka lini.
Nilikuwa najua nikiwa mjini.

Lakini nilikuwa nimelipwa nauli,
na fundi haoni raha kushuka mlima mikono mitupu.
Nikafungua boksi. Vumbi, ganda la mende,
na betri bapa kama sarafu, ilikufa sijui mwaka gani.
Mpya nilikuwa nayo begini, ya shilingi elfu mbili.
Dakika tatu.
Kwenye ripoti nikafuta "mfumo umepitwa",
nikaandika: iendelee, ila msiiunganishe na mtandao.
Aikande akatia sahihi, akaifunika kitambaa chake.

Kesho yake simu ikaita kabla sijafungua duka.
"Fundi, imewaka yenyewe. Haikuuliza.
Imejua kwamba leo ni Alhamisi."

Vizuri, nikasema.

"Ndiyo. Ni vizuri."

Mvua ilikuwa ikigonga bati lake, na langu pia.
Nikasikia kidole chake kikibonyeza kitu,
mara moja, halafu tena,
kitufe ambacho hakikuwa na kazi.

"Ile betri ya zamani," akasema, "uliitupa?"

Ilikuwa mfukoni mwa koti, katikati ya chenji.
Nilikuwa nimeishika.